Kodiani Nyepesi kwa Zefe la Nermin

Kichochoro cha Wauza Sabuni,
Nyuma ya Mtaa wa Muhammad Ali,
Kairo.

Jumapili, 14 Septemba 1997

Mpendwa mpwa wangu Bahgat,

Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini vizuri, maana unaandikiwa na mtu ambaye bila yeye nusu ya Kairo ingekuwa inaishi kinyumba. Sheikh anaandika cheti, mashahidi wanatia sahihi, lakini ndoa ya mtaa huu haikamati mpaka mjomba wako Wagdi avute mivukuto ya kodiani. Kuna bwana mmoja wa upande wa Darb al-Ahmar alioa kwa kaseti. Mwaka haukuisha, mke akarudi kwao. Sisemi ni kwa sababu hakuniita. Nasema tu kwamba alioa kwa kaseti.

Sasa salamu. U hali gani, mwanangu? Joto la Kuwait limekuachia ngozi au umebaki mifupa? Kifua chako je, na lile vumbi la huko? Unakula mchana au bado unakunywa chai na sigara ukijidanganya kuwa umekula? Tajiri wako tumesikia amekunyima ruhusa ya kuja harusini. Mungu ampe gari lisilowaka. Sisi hapa ni wazima. Mke wangu Inshirah anakusalimu, goti lake limetulia tangu aache kupanda juu kuanika nguo, sasa napanda mimi. Dada yako Nermin ni mzima, amenenepa kidogo mashavuni, inampendeza, ila usimwambie nimesema.

Basi nina habari moja ambayo hapa sijamwambia mtu ila mke wangu, na yeye sikumwambia, aliiona mwenyewe.

Ilikuwa harusi ya Shubra, mwezi wa sita. Natembea mbele ya maharusi na ile kodiani yangu kubwa nyeusi, ile ya vitufe mia na ishirini vya besi ambayo marehemu mama yako alikuwa akiiita Mke Mkubwa. Watu wamejaa ngazini, vigelegele, mimi niko katikati ya taksim, nikipamba sauti peke yangu, mkono wa kushoto ukafa. Kuuma nimekuzoea, kila mpiga kodiani anaumwa bega na akikwambia haumwi ujue anapiga filimbi. Huu haukuuma. Ulikufa, kama mtu ameuchomoa begani akaenda nao sokoni. Mivukuto ikafunguka yenyewe mpaka kwenye paja, kodiani ikatoa mlio ambao hata machinjioni sijausikia. Nikasema basi, Wagdi, leo umekwisha mbele za watu.

Unajua walifanya nini? Wakapiga kelele, "Allah! Allah! Rudia, Usta, rudia hapo hapo!" Mzee mmoja akatoa kitambaa akafuta macho. Walidhani ni pambo jipya. Na nikarudia, Bahgat. Si kwa kupenda. Mkono ulikuwa bado haujarudi.

Galal peke yake ndiye aliyeelewa. Si unamjua Galal, mtu aliyenipigia dumbaki tangu wewe hujaota meno. Akanisogelea huku anapiga.

"Mzee, umepatwa na nini?"

"Nimewapa kitu kipya."

"Kitu kipya gani, na uso umekuwa rangi ya jibini?"

"Piga ngoma yako, bwana."

Tangu siku ile naishi na hofu, mpwa wangu, mimi ambaye niliwahi kupiga zefe la kusindikiza maharusi kutoka Bab al-Khalq hadi chini ya Ngome bila kupumzika, bwana harusi akaondoka na nywele nyeusi akafika na mvi. Asubuhi kabla sijafungua macho nagusa vidole vya kushoto kwenye kidevu changu kuona kama vinasikia ndevu. Viwili vya mwisho vinasikia kwa mbali, kama mtu anayeitwa kutoka ghorofa ya tano. Glasi ya chai nimeikabidhi mkono wa kulia. Mkahawani naweka wa kushoto mfukoni, watu wanadhani nina pesa.

Nikaenda kwa daktari. Kijana, nywele nyingi, maneno machache. Akanibonyeza shingo, akanigonga kiwiko kama anayebisha hodi.

"Kazini unabeba nini, mzee?"

"Nabeba furaha ya watu, daktari."

"Ina kilo ngapi?"

Miaka yote nimeibeba, sijawahi kuipima. Akasema mshipa wa fahamu unabanwa pale mkanda unapokaa, na nikiendelea na mzigo huo vidole vile viwili vitalala visiamke tena. Nikamuuliza lini. Akasema hajui, pengine mwakani, pengine wiki ijayo. Daktari gani huyo asiyejua? Angesema mwakani ningelala usingizi. Angesema wiki ijayo ningejua moja.

Kutoka pale nikaipeleka kodiani kwa Mitwalli mchinjaji. Akaitundika kwenye ndoano katikati ya mapaja ya ng'ombe, mizani ikaenda mpaka kilo kumi na mbili na nusu. Akanitazama, kisu mkononi. "Nikufungie yote, Usta, au utachukua nusu?" Wanawake waliokuwa wakisubiri nyama walicheka mpaka mmoja akasahau chenji yake. Mimi nilicheka pia. Moyoni nilikuwa nasema, nusu, ndugu yangu, laiti ingewezekana kuchukua nusu.

Sasa sikia kwa nini hofu hii haikubali kungoja. Nermin anaolewa Alhamisi hii. Mama yako, Mungu amrehemu, siku zake za mwisho pale hospitali hakuniachia usia wa nyumba wala dhahabu. Aliniambia, "Wagdi, Nermin asitolewe na kinanda cha umeme. Mtoe wewe." Nikamwambia, "Hilo nalo la kusema?" Ndivyo nilivyomjibu, kwa kiburi, kana kwamba mkono ni wangu naweza kuuahidi.

Na wakwe wa dada yako wameshaita bendi yao. Kinanda cha umeme, spika kama makabati mawili, na kijana anayekipiga kwa kidole kimoja huku kwa mkono wa pili anajipaka mafuta ya nywele. Baba wa bwana harusi alikuja nyumbani na sinia la vitamu vya basbusa, mtu mpole, hana neno baya. Akaniambia, "Usta Wagdi, sisi tunakuheshimu sana. Tunataka siku ile upumzike. Utakaa mbele na wazee, utaletewa keki yako."

Keki yangu! Bahgat, sijawahi kuogopa chakula maishani mwangu, lakini ile keki naiona usingizini. Nimekaa kitini, sahani mapajani, Nermin anapita mbele yangu na yule kijana anafinya vitufe. Nikamjibu baba mkwe kwamba zefe ni langu, lipo kwenye damu ya familia, na bendi yake itaanza nikishamfikisha bibi harusi kwenye jukwaa. Akasema, "Inshallah, kama afya itakuruhusu." Ina maana alishasikia. Sijui nani alimwambia. Nimemtuhumu Galal, amekana kwa kiapo cha talaka.

Inshirah ndiye aliyesema neno lenyewe. Alikuwa anachambua majani ya mulukhiya, hakuinua hata kichwa. "Tafuta iliyo nyepesi."

"Nyepesi wanapiga wanawake."

"Basi nitafutie mimi. Nitamtoa Nermin mwenyewe."

Huyo ndiye mke wangu. Kwake hupigi hatua.

Kutafuta kodiani nyepesi kwenye mtaa huu si jambo la kufanya hadharani. Ukionekana umeshika ndogo, kabla hujafika kona umeshazikwa, na mwenzako ameshachukua harusi zako tatu. Nikatafuta njia ya nyuma, nikapanda kwa fundi Hrant, yule Muarmenia wa ghorofani karibu na Ataba, anayetukana wateja bila kuchagua dini. Ndiye anayezitengeneza kodiani zetu zote.

"Natafuta nyepesi," nikamwambia. "Ni ya mwanafunzi wangu."

"Ana umri gani?"

"Hamsini na nane."

"Bega la kushoto au la kulia?"

"La kushoto."

Hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu anayemcheka hata maiti, hakunicheka.

Akaniletea kwanza ya Kichina, mpya, nyekundu, inang'aa kama gari la zimamoto, uzito wake mikate minne. Nikaipenda kwa macho. Akasema, "Ivute." Nikaivuta, ikaimba kama mbu waliofungiwa chupani. Akaichukua, akaishika upande mmoja juu bila kubonyeza kitu, akaachia upande wa chini. Mivukuto ikafunguka pu, mara moja. "Unaona? Pumzi zote zinavuja. Itakuwa nyepesi begani, halafu utaivuta na kuisukuma mara mbili kupata sauti moja, na mkono utakufa mapema zaidi." Nikaogopa hata kuigusa tena.

Nikamuuliza kwani uzito unatoka wapi. Akanieleza kwa matusi, mimi nakupa bila matusi. Meno ya piano yakipungua, uzito unapungua, na unachopoteza ni sauti za juu kabisa ambazo, kwa maneno yake, sijazigusa tangu nilipooa. Besi zikipungua, uzito unapungua sana, na sisi wa nyimbo za mitaani besi zenyewe tunazitumia kuegeshea vidole. "Lakini ukipunguza safu za ndimi za chuma zinazoimba mle ndani," akasema, "hapo umepunguza nyama. Anayekuuzia nyepesi, muulize amekata wapi."

Ndipo akatoa ya tatu, kutoka chini ya shuka. Ya Kitaliano, rangi ya maziwa, besi sabini na mbili, ilikuwa ya shule moja ya watawa, imepigiwa nyimbo za kanisa tu. "Hii haijawahi kusikia neno baya," akasema Hrant. "Utaiua kwa mshtuko." Akaishika upande mmoja juu kama ile ya kwanza. Mivukuto ikashuka taratibu, taratibu, kama bibi kizee anayekaa kitini. Nikaivaa. Bahgat, nilitazama chini kuona kama imo. Mitwalli baadaye alinipimia, kilo saba na kidogo. Nikapiga sauti moja tu, ndefu. Ilikuwa na nyama.

Unadhani hofu iliishia hapo? Hapo ndipo ilipoanza. Wataliano hawana robo. Ile sauti inayokaa katikati, kati ya jino jeupe na jino jeusi, ambayo watu wetu wakiisikia wanasema "Ah!" bila kujijua, wao hawajaiweka, hawaijui. Kwenye Mke Mkubwa kuna safu nne za ndimi, na moja ilishachongwa robo tangu enzi za mwalimu wangu. Ya watawa ina safu tatu. Kupata robo lazima Hrant atoe safu nzima aikwangue kwa tupa, ulimi mmoja mmoja, na chuma kikishakwanguliwa hakirudi. Akikosea, sina robo, sina kodiani, sina Alhamisi.

Nikamwambia angoje. Nikashuka ngazi nikanywa chai. Nikapanda, nikamwambia angoje tena. Nikashuka.

Nilipopanda mara ya tatu alikuwa amekwishavaa miwani. "Wagdi, mimi ni mzee kuliko wewe. Ukiendelea kupanda na kushuka, wewe utabaki na kodiani ya watawa, na mimi nitakuwa nimeshafika kwao naombewa."

"Kwangua," nikasema, nikageukia ukuta. Sauti ya tupa kwenye chuma nimeisikia mgongoni mwangu mpaka leo.

Alinirudishia Jumatatu iliyopita. Robo ilikuwepo. Nilipoisikia nilimbusu kichwa, akanifukuza. Na hapo, mwanangu, mjomba wako akafanya jambo ambalo watu wa mtaa huu peke yao watalielewa. Nilitaka kuijaribu mkahawani mbele ya wenzangu, maana kodiani isiyosikiwa pale haijazaliwa. Lakini mwanamuziki anapoingia, kabla ya uso wake watu wanatazama sanduku lake. Sikuweza kuingia na kasanduku. Nikaiweka ile ndogo ndani ya sanduku la Mke Mkubwa, na isicheze cheze humo nikaizungushia blanketi la sufi la Inshirah, lile la baridi. Nikapita mtaa mzima saa saba mchana, juani, taratibu, ninainama upande mmoja kama niliyebeba mlima. Watu wakasema, "Wagdi bado ana nguvu." Nikafurahi kama mpumbavu.

Nikafungua sanduku mkahawani. Kisha mizaha ikaanza.

"Wagdi, umejifungua lini?"

"Hongera, bwana! Kamefanana na mama yake!"

"Kanyonyeshwe kwanza, ndiyo kaimbe."

"Mmekafunga blanketi kapate joto?"

Nikawaambia hii ni kodiani ya mfalme mmoja wa Ulaya aliyekuwa na bega kama langu. Nikaanza. Mwanzo ulikwenda vizuri, wakanyamaza, hata mwenye mkahawa akasimamisha sinia. Kisha nikapanda juu kwa ile mbwembwe yangu unayoijua, na kidole kidogo kikaenda kutafuta jino ambalo halipo. Kikagonga mbao. Ko! Galal, Mungu amlipe, akapiga dumbaki saa hiyo hiyo kwa nguvu, ikaonekana ni mpango wetu. Nikashuka kwenye robo, nipumzike nyumbani kwangu. Nikabonyeza. Hakuna. Pumzi tupu, kama mtu anayepuliza uji.

Nikajua nimekwisha. Nikafunga sanduku nikasema nina miadi.

Hrant alipoifungua alikuta nta imelainika. Ndimi zile zinashikiliwa na nta, na ulimi mmoja wa robo ulikuwa umeteleza umelala juu ya mwenzake. Akaukuta na uzi wa sufi pembeni. Akaushika mbele ya macho yangu.

"Umeivalisha blanketi?"

Nikatazama dari.

"Septemba? Kairo? Saa ngapi?"

"Saa saba."

"Wewe, Wagdi, ungekuwa na mtoto mchanga wangekunyang'anya."

Ameshaupachika upya. Anasema utashika. Mimi kila nikiinua kodiani nasikiliza kwanza kama kuna kitu kimelegea ndani. Inakaa chumbani mahali pangu pa baridi, karibu na dirisha, mimi nimehamia upande wa ukuta.

Tangu juzi tunafanya mazoezi ndani. Inshirah anajifunika taulo jeupe kichwani, anashika kitunguu kijani mkononi badala ya maua, anatembea ukumbini kutoka mlangoni kwenda jikoni, na mimi mbele yake narudi nyuma nikipiga. Anajua kutembea kibibi harusi kuliko mabibi harusi wa siku hizi. Jirani alibisha kutaka chumvi, akafunguliwa na bibi harusi wa miaka hamsini na mbili, akaondoka bila chumvi.

Hali ya mkono nakwambia kama ilivyo. Kwa Mke Mkubwa mkono unakufa kabla hatujafika chooni. Kwa hii ndogo nafika mpaka mlango wa jikoni, vidole vinawasha lakini vipo. Jana tulirudia tena bila kupumzika, na njiani kurudi vikaanza kwenda mbali. Havikufa. Vilikuwa vinaondoka. Nikasimama, nikajifanya nakaza mkanda. Inshirah akasimama pia chini ya taulo lake, akanikazia mkanda ambao haukuwa umelegea.

Ukumbi wa harusi una ngazi ndefu kuliko nyumba yetu nzima. Na zefe letu, unajua, si la kukimbia. Kila ngazi watu wasimame, wacheze, bibi harusi azungushwe, mama mkwe apige kigelegele chake, shangazi zake wapige vyao wasishindwe. Halafu ngazi nyingine. Naogopa ngazi, Bahgat. Naogopa mkono ufe katikati, mivukuto ifunguke, na safari hii asipatikane mjinga wa kupiga kelele "Rudia!" Naogopa wakwe watazamane. Naogopa yule kijana wa kinanda aingilie kwa huruma, kwa kidole chake kimoja, na Nermin amalize njia yake kwa kitu ambacho mama yenu alikikataa akiwa kitandani. Niliwahi kusimama mbele ya simba wa sarakasi kule Tanta nikampigia mpaka akalala, na sikuogopa hivi. Sawa, alikuwa mzee yule simba. Lakini alikuwa simba.

Barua hii anakuja nayo mke wa Sabri, anasafiri kesho kutwa kumfuata mumewe huko kwenu. Mpaka ikufikie pengine Alhamisi itakuwa imeshapita, na wewe utakuwa umeshajua kwa simu yaliyotokea, na mimi hapa bado sijui. Inanikera kwamba utanisoma ukijua.

Ukipata nafasi, Alhamisi baada ya sala ya Isha, simama pale ulipo utuombee. Usiombe makubwa. Omba ngazi.

Msalimie Sabri, mwambie mkewe amebeba jibini letu, asilimalize peke yake. Msalimie yule rafiki yako Mhindi mnayekaa chumba kimoja, mwambie mjomba wa Kairo anasubiri ile pilipili aliyoahidi. Galal anakusalimu, anasema bado ana ile ngozi ya dumbaki uliyoitoboa ukiwa mdogo. Hrant alisema nisikusalimie, kwa hiyo anakusalimu. Inshirah anasema vaa soksi.

Mungu akulinde na jua la watu, akupe tajiri mwenye moyo, akurudishe kwetu ukiwa na mikono yako yote miwili inafanya kazi.

Ni mimi mjomba wako akupendaye hata usipojibu barua,

Wagdi

N.B. Karatasi imebaki nafasi, nikasema nisiipoteze. Leo asubuhi nilikwenda kwa Nermin. Nilimwita nje, kwenye ngazi, wenzake waliomjia kumpaka hina wasisikie. Nikamwambia, "Binti yangu, Alhamisi, ukianza kupanda, usisimame simame sana."

"Unataka nitembeeje, mjomba?"

"Kama mtu aliyeacha sufuria motoni."

Mimi, Bahgat. Nimemwomba bibi harusi akimbie zefe lake mwenyewe. Hakunitazama usoni, alitazama mkono, nikauingiza mfukoni lakini nilichelewa. Kisha akasema, "Usijali, mjomba. Wakiniuliza nitawaambia viatu vinanibana."

Viatu havimbani. Mimi ndiye niliyemnunulia.